Jukwaa la Waliopona

Katika nchi ya Maini watu hawaulizani hali. Anayekutana na mwenzake njiani humwuliza, "Umepona?" na mwenzake hujibu, "Nazidi." Haijalishi kama mtu huyo anakwenda sokoni akiwa mzima au amelazwa kwenye machela. Jibu ni hilo hilo, na mgeni anayejibu vingine hutazamwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Mwatime alifundishwa salamu hiyo langoni, na kabla jua halijazama alikuwa ameshaichoka.

Alikuwa amefuatana na mama yake, Bi Saumu, mwanamke mrefu aliyekuwa akibeba ndoo ya maji kichwani huku akigombana na jirani, na maji yasimwagike. Sasa alichoka kwa kuvaa nguo tu. Miguu ilimvimba, macho yalimpauka. Kwao, daktari alitaka kumpima zaidi kabla hajasema ni ugonjwa gani, lakini Bi Saumu alikuwa ameshasikia habari za nchi ya Maini, akasema hapimwi tena mpaka akajaribu huko. "Hawa kila wakinipima wananitoa damu," alisema. "Wale nasikia wanatia." Daktari alimvuta Mwatime pembeni akamwambia wasikawie. Kilichokuwa kikimla mama yake kilikuwa kinakula haraka, na kama kingejulikana mapema huenda kingetibika.

Nchi ya Maini ina dawa moja, nayo ni dondoo la ini. Maini ya ng'ombe huchemshwa katika masufuria makubwa, hukamuliwa, na ile rojo hukaushwa juani na kusagwa ikawa unga wa kahawia. Watu wazima hulamba kwa kijiko, wazee huchanganyiwa kwenye uji, na mtoto hupakwa ulimini kabla hajaonja ziwa la mama yake. Unga huo ni wa bure. Mgonjwa hulipa kwa ushahidi: akishapona hupanda Jukwaa la Ushahidi katikati ya mji, akasimulia alivyopona, na hapo ndipo lango la mji linapofunguliwa atoke. Mwatime aliposomewa sheria hiyo aliona ni ya haki kabisa. Wageni wote huiona hivyo mwanzoni.

Ugonjwa nao ni mmoja, unaitwa uchovu. Aliyevunjika mguu ana uchovu wa mguu, mwenye kikohozi ana uchovu wa kifua, na mjane anayelia ana uchovu wa macho. Wataalamu wa Maini wanajivunia jambo hili. Nchi nyingine, wanasema, zimepoteza miaka na miaka zikiyapa magonjwa majina. Wao muda huo waliutumia kutibu. Ipo hata sheria ndogo inayokataza mtu kusema kwamba fulani amemkata maini, kwa kuwa maneno hayo yanaishushia hadhi bidhaa ya taifa.

Mama na binti walipewa chumba katika nyumba ya wageni, na mhimizaji wa kuwaangalia. Uhimizaji ni cheo cha serikali. Kazi yake si kumpima mgonjwa wala kumwuliza anaumwa wapi, bali kumtia moyo. Wao walimpata Bi Hidaya, mnene, mchangamfu, aliyeingia bila hodi akiwa na kijiko mkononi.

"Umepona, mama yangu?" aliuliza siku ya pili.

"Sijapona," alisema Bi Saumu.

Bi Hidaya alicheka, kama aliyesikia mtoto akikosea kuhesabu. "Sema nazidi."

"Nazidi kuvimba miguu."

"Huo ni uchovu unatoka, mama. Unatafuta njia."

"Dada," Mwatime aliuliza, "mbona jana ulimpa kijiko kimoja na leo viwili?"

"Kimoja hakikutosha."

"Umejuaje?"

"Si hajapona?"

"Na viwili visipomponya?"

"Vitakuwa havikutosha pia," alisema Bi Hidaya kwa upole, maana alikuwa mtu mpole kweli, na alimfuta Bi Saumu mdomo kwa upindo wa kanga yake mwenyewe.

Bi Saumu alimeza, akakunja uso. "Mwanangu, ng'ombe mzima yumo humu tumboni. Imebaki nilie moo."

Vijiko viliongezeka. Uvimbe ulipanda kutoka vifundoni hadi magotini. Mwatime akamwuliza Bi Hidaya kama wapo waliowahi kutumia dawa wasipone.

"Hawapo. Wapo waliopona na wapo wanaoendelea."

"Na wanaokufa?"

"Hao waliacha dawa."

Akaeleza bila kupepesa macho. Anayekufa alasiri hajanywa dawa ya jioni. Asiyekunywa dawa ameiacha. Aliyeiacha hawezi kuhesabiwa pamoja na wanaoitumia, hata mtoto anaelewa hilo. "Tangu nchi hii iwe nchi," alisema, "hajafa mtu aliye kwenye dawa."

Mwatime hakubishana naye. Alikwenda moja kwa moja langoni, akamwambia mlinzi kwamba wanataka kurudi kwao.

"Mama ametoa ushahidi?"

"Hajapona. Atashuhudia nini?"

"Basi anaendelea, na anayeendelea hatoki." Mlinzi alikuwa kijana wa maneno machache, na alionekana kusikitika. "Mimi, dada, sheria ninayoijua ni moja. Aliyesema jukwaani namfungulia. Asiyesema simfungulii. Mengine waulize wakubwa."

Jukwaa lenyewe liko juu ya ngazi ndefu ya mawe isiyo na mahali pa kushika. Shahidi anatakiwa kupanda kwa miguu yake, bila mkongojo, bila kuguswa na mtu. Sheria hiyo ilitungwa na watu waaminifu. Zamani waliogopa mashahidi wa kusukumwa, watu wanaopandishwa na wenye masilahi yao wakaseme walichofundishwa. Wakaamua kwamba anayetaka kusema ukweli aufuate mwenyewe, peke yake, hadi juu. Ni sheria nzuri kuisoma. Tokeo lake ni kwamba kila aliyewahi kusikika kutoka pale juu alikuwa mtu mwenye nguvu ya kupanda ngazi.

Bi Saumu alisema atajaribu. "Nikifika juu nitasema neno moja tu, kwaherini."

Palikuwa na watu wengi uwanjani, kama ilivyo kila siku ya ushahidi. Mbele yake alipanda bwana mmoja aliyekuja na mafua. Akasimulia namna dondoo la ini lilivyomwondolea mafua hayo baada ya juma zima, na watu wakapiga vigelegele. Kisha ikawa zamu ya Bi Saumu. Alipanda madaraja machache, akasimama kuhema. Akapanda jingine. Goti likamsaliti, akakaa kitako juu ya jiwe, akashindwa kuinuka.

Hapo Mwatime aliona kitu ambacho hakukitegemea. Uwanja mzima uligeuka. Wanaume, wanawake, watoto, wote walimpa mama yake mgongo, taratibu, kwa adabu, wakatazama ukuta wa soko. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Walibaki hivyo mpaka Mwatime alipomteremsha mama yake na kumpeleka pembeni, ndipo wakageuka tena kumsikiliza shahidi mwingine.

"Wamefanya nini wale?" alimwuliza Bi Hidaya.

"Wamemsitiri," alijibu Bi Hidaya, akishangaa kuulizwa. "Mtu akishindwa ngazi hatazamwi. Sisi si washenzi, mdogo wangu."

Ndiyo kusema katika nchi ya Maini hakuna mtu aliyewahi kuona mtu akishindwa. Kila mmoja angeweza kuapa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli.

Kesho yake Mwatime alikwenda kwenye Baraza la Utafiti kuomba mama yake aruhusiwe kusemea chini. Aliwakuta wajumbe katikati ya mjadala mkali. Hawakuwa wakijadili kama dondoo la ini linaponya. Hilo liliamuliwa zamani. Walikuwa wakijadili kama linaponya sana au linaponya mno, na mjadala huo ulikuwa umeshavunja ndoa kadhaa. Kiti cha mbele alikaa Bwana Shomvi, Mkuu wa Jukwaa, mtu mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kubembeleza. Mtaalamu mmoja wa upande wa mno alikuwa akitoa hoja ya panya.

"Panya waliolishwa ini," alisema, "tuliwatia kwenye beseni la maji, wakaogelea muda mrefu kuliko wenzao. Mnataka ushahidi gani tena?"

Mwatime aliinua mkono. "Samahani, bwana. Hao panya walikuwa wanaumwa nini?"

"Hawakuwa wanaumwa."

"Walikuwa na nini?"

"Walikuwa wamelowa."

"Mama yangu hatafuti kuogelea. Kwa watu wagonjwa mmeona nini?"

"Kwa watu tuna mashahidi wa jukwaani, wengi kuliko mchanga."

"Na wasiotumia dawa, wao huwaje?"

Wajumbe walitazamana. "Wasiotumia ni akina nani?" aliuliza mmoja, na swali lake lilikuwa la dhati. Katika nchi hiyo hakuna asiyetumia.

"Basi yule bwana wa mafua, mmejuaje kwamba asingepona hivyo hivyo akiwa amekaa kwao?"

Halafu akatoa ombi lake, mama yake asemee chini. Kisha Bwana Shomvi akamwambia karani kwa sauti ya chini kwamba mgeni ana uchovu wa swali, apelekewe kijiko.

Hawakumkasirikia. Ili kumtuliza, mtaalamu yule wa panya alimpeleka kuona ghala lililo nyuma ya Baraza. Humo kulikuwa na tafiti zilizofungwa mafungu mafungu na kufunikwa magunia, kama ndizi mbichi zinazoivishwa.

"Hizi ni zile ambazo hazikuona faida," alieleza. "Hazijakomaa. Tunazifunika mpaka ziive."

"Zikiiva?"

"Zinasema kama zile nyingine."

"Zisipoiva?"

"Zinaoza. Ndizi huoza pia, na hakuna anayelaumu mkulima."

Aliporudi, Bwana Shomvi alikuwa akimngoja barazani. Alimkaribisha kiti, akakaa karibu naye, akavua kofia.

"Binti, unadhani mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, Mkuu."

"Nikiwa kijana niliishiwa damu. Nilikuwa mweupe kama karatasi. Ulimi uliniwasha kama pilipili, miguu ikafa ganzi, nikawa natembea nadhani nakanyaga pamba. Mama yangu alishanichagulia sanda. Kisha mtu mmoja akanilisha ini, na ini, na ini. Nikaamka. Nilipanda ngazi ile kwa miguu ambayo ilikuwa haihisi ardhi. Usiniambie ini haliponyi."

Mwatime alimtazama na kumwamini. Hakuna mtu anayeweza kuigiza macho yale.

"Lilikuponya wewe ugonjwa wako," alisema. "Damu yako ilikosa kitu, na ini lilikuwa nacho. Mama yangu hana ugonjwa wako. Hana ganzi, ulimi haumwashi. Ana ugonjwa wake, na humu hakuna hata mmoja aliyemwuliza ni upi."

"Uchovu ni uchovu, binti."

"Siyo, Mkuu."

Bwana Shomvi alivaa kofia. Hakuwa na hasira; alikuwa na huruma, nayo ilikuwa mbaya zaidi. "Nitakusaidia. Wewe nawe umelamba dawa tangu ufike, si ndivyo? Na unapanda ngazi kama mbuzi. Panda siku ya ushahidi. Sema umejisikia vizuri. Sema imetusaidia, neno moja tu. Mama yako atatoka kwa ushahidi wako, kama mtoto anavyotoka na mzazi."

Mwatime alimpelekea mama yake habari hiyo. Bi Saumu alikuwa amelala, mto chini ya miguu, pumzi fupi fupi.

"Sema tu, twende zetu," alisema. "Uongo wenyewe mdogo, wa saizi ya pipi."

"Mama, wewe nani alikuleta huku?"

"Umenileta wewe, nani mwingine."

"Nauliza maneno ya nani yalikuleta."

Bi Saumu alikumbuka. Yaliletwa na mwuza vitunguu, naye aliyapata kwa mwanamke aliyewahi kupanda jukwaa. Labda huyo mwanamke alipona kweli. Labda alikuwa na mgonjwa chumbani na lango limefungwa.

Dirisha la chumba chao lilitazama njia ya langoni. Wakati huo walikuwa wakiingia watu wengine: kaka wawili wamembeba baba yao kwenye kitanda cha kamba, na mzee, ingawa hakuweza kuinua kichwa, alikuwa akitabasamu. Mlinzi akawauliza mmepona, na mmoja, aliyeshafundishwa, akajibu tunazidi.

"Wale nao wameletwa na pipi ya mtu," alisema Mwatime.

Bi Saumu aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Kisha akajifuta uso. "Mimi ngazi ile siiwezi, mwanangu. Unaniona."

"Hupandi wewe. Napanda mimi."

"Na mimi?"

"Uliponizaa ulinibeba wapi?"

Bi Saumu alimwangalia mwanawe kama aliyemwona ameota pembe, halafu akaanza kucheka, kicheko kilichomkata pumzi hata ikabidi apigwe mgongo. "Sasa hivi mimi ni mzito, mtoto wewe. Mimi na ng'ombe wote wale."

Siku ya ushahidi ilipofika uwanja ulijaa. Bwana Shomvi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake chini ya ngazi, akamtikisia Mwatime kichwa kwa wema. Mwatime akainama mbele ya mama yake, akamweka mgongoni, akamzungushia kanga na kuikaza kifuani mafundo mawili, kama mtoto. Kisha akakanyaga daraja la kwanza.

"Binti," alisema Bwana Shomvi. "Shahidi haguswi."

Mwatime alipanda.

"Shahidi haguswi," alirudia, sasa kwa sauti ya watu wote kusikia, na watu walifanya walichokijua. Waligeuka. Uwanja mzima ukawa migongo.

Ngazi ilikuwa ndefu kuliko ilivyoonekana kutoka chini. Katikati jasho lilimwingia machoni. "Nitelemshe," mama alimnong'oneza sikioni. "Utatuua wote wawili." Mwatime hakusimama. Alipanda. Alipofika juu alipiga magoti ili mama yake aweze kukalia ukingo wa jukwaa, akamshika bega asianguke.

"Sema, mama."

"Niseme na visogo?"

"Sema tu."

Bi Saumu alikohoa. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini jukwaa lile lilijengwa kwa ajili ya sauti.

"Naitwa Saumu binti Mwinyi. Dawa yenu nimeila kwa kijiko, nimeila kwa uji, nimeila kwa adabu. Mhimizaji wangu ni mtu mwema, ananifuta mdomo. Sikuruka hata kijiko kimoja. Sijapona."

Migongo haikutikisika.

"Sisemi dawa ni mbaya. Huyo mkubwa wenu anasema ilimponya, nami nasadiki. Nasema mimi sijapona. Nilikuja natembea, leo nimebebwa. Hamkuniona nilipoanguka pale chini, mlinisitiri, ahsanteni. Lakini mimi sikuwaomba sitara. Nilikuwa nataka mnione."

Wa kwanza kugeuka alikuwa Bi Hidaya. Aligeuka kijiko mkononi, akatazama juu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyewashiwa taa ghafla. Karibu naye akageuka mmoja wa wale kaka wawili waliomleta baba yao. Kisha huku na huku, si wote, wala si nusu, nyuso zilianza kuonekana kati ya visogo. Kutoka nyuma, karibu na ukuta wa soko, mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemwona vizuri alisema, "Na wangu hajapona." Mtu akamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Aliyarudia.

Mwatime alimrudisha mama yake mgongoni na kuteremka. Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Chini, karani alikuwa ameshasimama na hukumu. Aliyembeba shahidi anatakiwa kulaza paji la uso juu ya daraja la kwanza na kuiomba ngazi radhi, na ushahidi alioubeba unafutwa, unakuwa haujasemwa.

Mwatime alimpita karani, akapita katikati ya watu, wengine wakimpisha, wengine bado wamempa mgongo, akaenda mpaka langoni.

"Mama amesema jukwaani," alimwambia mlinzi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sheria yako ni moja."

Kijana alitazama kule uwanjani, ambako karani alikuwa akipunga mikono. Akamtazama Bi Saumu, aliyekuwa amelaza shavu kwenye bega la mwanawe. Akasema aliyesema jukwaani namfungulia, kama anayejikumbusha, akaondoa komeo.

Walikuwa wameshavuka kizingiti Bwana Shomvi alipofika, kofia mkononi, akihema. Nyuma yake, mbali, wale kaka wawili walikuwa wameinua tena kitanda cha baba yao, wanabishana pale chini ya ngazi, mmoja akielekeza juu na mwingine akielekeza lango.

"Basi ngazi usiiombe," alisema Bwana Shomvi. "Hilo ni jiwe, halina masikio. Niombe mimi. Mimi nilipona kweli, binti. Mbele ya watu wote umenifanya kama niliyewadanganya maisha yangu yote. Niombe mimi radhi, hapa hapa, hakuna anayesikia, nami nitaacha maneno ya mama yako yabaki."

Mwatime alikaza fundo la kanga kifuani. Njia ya kwao ilikuwa ndefu, na yule daktari alikuwa akingoja.

"Wewe ulipona kweli," alisema, "na mama yangu hakupona kweli, na yote mawili yamesemwa. Siombi radhi, Mkuu. Si kwa ngazi, wala si kwako."